Bunduki ya Kuua Fisi

Patient alimng'ata muuza kaunjika, ndiyo mitumba ya huku Malawi, sikio katikati ya soko la Chilinde mjini, mchana kweupe, na hakuliachia mpaka likabaki mdomoni mwake. Nayasema haya mapema ili asije mtu kuniambia marehemu alikuwa malaika. Hakuwa. Alikuwa jirani yangu, tulikimbia pamoja kutoka Fizi, na nilimpenda kwa sababu hakuwahi kuazima sufuria yangu akairudisha chafu. Lakini hasira zake zilikuwa karibu, na zikipanda hazikuuliza mtu.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye jina. Kila alipoulizwa kwao ni wapi, Patient alijibu kwa fahari, "Fizi." Wachuuzi wakavunjika mbavu kwa kucheka, maana kwa Kichewa, kama kwa Kiswahili chetu, fisi ni mnyama yuleyule mla mizoga. Tangu hapo wakamwita Fisi. Fisi njoo ubebe furushi, Fisi sogea huko. Alivumilia. Siku hiyo jamaa mmoja mwenye lundo la mashati akamtupia mfupa wa mbuzi usoni mbele ya wateja, akamwambia ale. Patient akamrukia.

Wenzake yule bwana walimpiga Patient kwa vyuma vya kutundikia nguo mpaka ngozi ya kichwa ikafunguka. Alijitoa miguuni mwao akitambaa, damu ya watu wawili kinywani, na nyuma yake wakapiga kelele, "Fisi, tikupha!" Neno la kuua halikuhitaji mkalimani. Alikimbia hadi mtaa wa Chinsapo, kwa kaka yake wa tumbo moja, Lwaboshi.

Lwaboshi alimshona kichwa kwa uzi wa viatu, akampakia kwenye matola, yale malori yanayobeba abiria juu ya mizigo, akamrudisha kwetu Dzaleka, kambi ya wakimbizi.

"Usirudi tena huku," akamwambia. "Bale bantu bamekasirika. Batakuua kweli."

Huyu Lwaboshi alitangulia Malawi kabla yetu. Sisi tulitolewa na vita vya Oktoba ya 1996; yeye alikuwa ameshapata kibanda cha kazi Chinsapo, anakarabati baiskeli, kufuli na majembe. Hiyo ndiyo kazi iliyoonekana. Kazi aliyoipenda ilikuwa mitutu ya bunduki. Baba yao alitengeneza magobole kule Fizi, na Lwaboshi alirithi mkono wake. Wenye mashamba ya tumbaku walimletea bunduki zao zilizoanza kukosa shabaha, na zikitoka kwake zilipiga pale jicho lilipotaka.

Kazi hiyo niliwahi kumwona akiifanya. Huyeyusha madini ya risasi kwenye kopo, akayamimina ndani ya mtutu kuizunguka ncha ya fimbo ya chuma. Yakipoa, yanakuwa kizibo chenye umbo la mtutu wenyewe, na mifereji yake yote. Kizibo hicho hukipaka mafuta na ile dawa ya kusagia valvu za magari, kisha anavuta na kusukuma, anavuta na kusukuma, macho kayafumba. Mkono ndio unaosikia wapi chuma kimebana na wapi kimelegea. Penye kubana anapita zaidi, mpaka njia nzima iwe laini na sawa. Sharti moja tu: kizibo kisichezee mdomoni mwa bunduki. Mdomo ukitanuka, hata kwa kiasi ambacho jicho halioni, risasi hutoka ikiyumba na kwenda inakotaka.

Na kulikuwa na mwiko wa baba yao. Fundi haulizi bunduki inakwenda kuua nini. Akiuliza, anahesabiwa ameishika pamoja na mwindaji, na nuksi ya damu itaanza na yeye. Lwaboshi, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, aliushika mwiko huo kuliko alivyozishika amri kumi. Mimi naona upuuzi mtupu. Angefungua kinywa siku ile, ningekuwa na jirani mpaka leo.

Sasa, Patient alipokuwa kambini akiuguza kichwa, tukapata balaa letu. Fisi mwenye kichaa alishuka kutoka vilima vya Dowa. Fisi wa kawaida anakuja gizani, anaiba mbuzi, anaondoka. Huyu alikuja asubuhi, povu likimtoka, bila kumwogopa mtu. Alimkuta mzee Bucumi, yule Mrundi muuza mkaa, akachana paja lake hadi mfupa, na mzee akafa kabla hajafikishwa zahanati. Kesho yake akamvamia mama mmoja wa kambini, Annonciata, akipalilia, akaondoka na nusu ya shavu lake. Mahindi yalikuwa yameshafika kifuani. Yule mnyama aliingia humo na kutoka alipotaka, nasi tukawafungia watoto ndani.

Kijiji cha jirani kilikuwa na mzee mmoja Mmalawi, Bambo Kanyenda, yaani Bwana Kanyenda kwa lugha yao, aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori. Alikuwa na bunduki yake na kibali halali kutoka ofisi moja ya serikali huko Capital Hill, na alikipenda kibali hicho kiasi kwamba alikionyesha hata kwa asiyemwomba. Watu wakamwita. Alikuja, akamwona fisi mahali peupe, akapiga, na risasi ikaingia kwenye ukuta wa jiko langu. Nilimtukana kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kichewa, tukaelewana vizuri kabisa.

Patient ndiye aliyeichukua ile bunduki, akachungulia mtutuni. Akatikisa kichwa chenye nyuzi.

"Muzee, kosa haiko yako. Iko kutu mu ndani, na njia iko na mashimo," akasema, huku akiongezea Kichewa chake cha sokoni na mikono miwili. "Peleka kwa kaka yangu, Lwaboshi, ku Chinsapo. Ule mutu akiishika, utapiga hata inzi ku pua."

Mzee akaifunga bunduki kwenye gunia, akapanda matola. Kumpa neno la maandishi la kumpelekea fundi hakuna hata mmoja aliyefikiria. Ya nini, mtu anakwenda kwa fundi tu.

Yaliyotokea kwenye kibanda cha Chinsapo alinisimulia Lwaboshi mwenyewe baadaye, akiwa amelala chali na mbavu zimefungwa.

Alisema Bambo Kanyenda aliingia, akarudishia mlango, akafungua gunia juu ya meza. Lwaboshi akaiona bunduki ya kizungu, ya zamani, ya kuulia wanyama wakubwa. Hakuuliza kitu, kama kawaida yake. Lakini mzee alikuwa mwenye maneno, na akayatoa bila kuulizwa.

"Ndikufuna kupha fisi wa ku Dzaleka," akasema. Nataka kumuua fisi wa Dzaleka. "Waluma anthu." Ameng'ata watu.

Kichewa cha Lwaboshi kilikuwa cha kuuzia spoku na pampu, lakini hayo aliyaelewa, maana maneno yetu na yao ni ndugu. Kuhusu mnyama mwenye kichaa hakuwa amesikia hata fununu. Yeye alikuwa Chinsapo, fisi alikuwa Dowa. Fisi mmoja tu aliyemjua Dzaleka ni yule aliyemshona kichwa kwa mikono yake. Na huyo kweli alikuwa ameng'ata mtu. Na kwa Kichewa, mnyama huyo husemwa sawasawa na mtu anavyosemwa. Hapakuwa hata na silabi moja ya kumshtua kwamba anasemwa mnyama.

Kisha mzee akatabasamu, ili fundi ajue kwamba anaongea na rafiki. "Mng'ono wanu amandidziwa," akasema. Mdogo wako ananijua.

Lwaboshi aliniambia alichowaza. Anajua ni mdogo wangu, na bado ameniletea mimi! Aliwafikiria wachuuzi wa Chilinde, akawaona wakimtafuta mwindaji, wakichekeana kwamba Fisi apigwe na bunduki ya ndugu yake. Alikuwa amewaona watu kule kwetu, hata kabla ya vita vilivyotutoa sisi, wakilazimishwa kuchimba makaburi ya wenzao. Alikimbia nchi mbili ili asilione tena jambo kama hilo, nalo likawa limemfuata mpaka mezani kwake.

Bambo Kanyenda akainama kumwonyesha kutu. Shingo yake ilikuwa wazi, nyembamba, na nyundo ilikuwa pale pale. Lwaboshi aliishika. Aliniapia kwamba aliinyanyua hadi usawa wa bega, na alishachagua mahali pa kupiga, kwenye kile kishimo chini ya kisogo. Kilichomzuia si huruma. Aliwaza kwamba akimuua huyu, watatafuta mwingine mwenye bunduki nyingine, nzima, na hiyo hataiona. Akaiweka nyundo chini.

"Zikomo, Bambo," akasema. Asante, bwana. "Nitaitengeneza. Bwerani Ijumaa." Njoo Ijumaa.

Na akaifanya kazi kwa ustadi ambao hakuwahi kuuonyesha. Alisugua kutu yote. Akakisukuma kizibo chake ndani, akalainisha njia mpaka ukichungulia unaona mduara unaong'aa. Kisha akafanya kile baba yake angemkatia vidole kwa ajili yake. Alikiacha kizibo kichezee mdomoni. Alikivuta na kukisukuma pale pale, huku akikiegemeza upande mmoja, akaongeza dawa, akaendelea, jasho na machozi vikimwagika juu ya chuma. Mkono wake ulisikia mdomo ukilegea. Alipomaliza, bunduki ile ilikuwa inang'aa kama kioo, na haingeweza kupiga hata nyumba.

Ijumaa Bambo Kanyenda alichungulia, akapiga mluzi wa furaha, akamshika fundi mikono yote miwili. Risasi alizobaki nazo zilikuwa chache, hakutaka kupoteza hata moja kwa majaribio. Akaondoka na gunia lake begani.

Jumamosi asubuhi Lwaboshi alipanda gari la kwanza kuja kumtorosha mdogo wake. Alikusudia wavuke kwenda Zambia siku hiyo hiyo, yeye, Patient na Bora, mke wa Patient. Mimi nilikuwa barabarani na cherehani yangu, nikashangaa kumwona anaruka kabla lori halijasimama.

"Annuarite, Patient iko wapi?"

"Hata salamu hakuna? Iko na Bambo Kanyenda, ule wa bunduki. Bameenda kule chini ku mto."

"Kufanya nini?"

"Kuua fisi," nikamjibu. Ningejibu nini kingine? Ndilo neno lenyewe.

Uso wake ukapauka. Halafu, Mungu wangu, akacheka. Alinishika mabega, macho yamemtoka.

"Itakosa," akasema. "Usiogope. Mi njo niliifanya. Itakosa!"

Akatimua mbio kuelekea mtoni. Nilidhani malaria imempanda kichwani. Niliacha kitambaa cha watu chini ya sindano, nikamfuata nikiwa nimekunja kitenge.

Tulikuwa tumefika kwenye migomba ya mwisho mlio wa kwanza ulipopasuka. Lwaboshi alirusha ngumi juu, kama mtu aliyeona bao. "Imekosa!" akapiga kelele. "Imekosa, mi najua!" Mlio wa pili ukafuata. "Tena imekosa!" Alikuwa analia kwa furaha, naapa, mtu mzima anakimbia kwenye matope akilia kwa furaha. Kisha tukasikia Bora anapiga yowe, na yowe lile halikuwa la mke ambaye mumewe amepona.

Tulitokeza kwenye uwazi wa shamba. Fisi alikuwa amemlalia Patient. Mkuki wa Patient ulikuwa umevunjika chini yao. Patient alikuwa ameingiza ngumi nzima kinywani mwa yule mnyama, na mnyama alikuwa anaitafuna, akiitikisa, halafu akaiacha na kwenda kwenye shingo. Nilisikia ile sauti. Sitaieleza. Bambo Kanyenda alisimama karibu kiasi kwamba mimi ningeweza kumpiga fisi kwa kiatu, akaelekeza bunduki, akapiga mara ya tatu. Udongo ukaruka pembeni kabisa.

Wanaume wakaingia na mapanga. Nsengimana, kijana wa Kirundi mwenye mikono mirefu, alimkata fisi uti wa mgongo kwa pigo moja, na bado kichwa kiliendelea kung'ata. Ilibidi wakikate kwanza, ndipo wafungue mataya kwa mpini wa jembe. Patient alikuwa na macho wazi. Damu ilimtoka shingoni kwa kishindo, ikapungua, ikawa inatiririka tu, ikasimama.

Lwaboshi alikuwa amesimama palepale tulipotokeza. Alimtazama fisi, akamtazama mdogo wake, akamtazama tena fisi. Nilimwona akisogeza midomo. 

Watu wakihangaika na maiti ni jambo moja. Watu wakimaliza kuhangaika wanatafuta wa kulipa. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Risasi tatu, na iko hapa karibu! Huyu muzee amefanya makusudi!" Hiyo ilitosha. Wakamnyang'anya Bambo Kanyenda bunduki yake, wakamwangusha. Mzee alikuwa anarudia kwa Kichewa kwamba ameilenga vizuri, kwamba hajui, kwamba imetoka kwa fundi jana. Nani wa kusikiliza? Nsengimana alimpiga teke la mdomo, meno yakatoka. Wengine walikuwa wanaokota mawe, na mmoja alikuwa na panga lenye damu bado.

Ndipo Lwaboshi akajitupa juu ya yule mzee, akamfunika kwa mwili wake, na mateke matatu au manne yakamwishia yeye mgongoni.

"Mumuache!" akalia. "Haiko na kosa, alilenga muzuri! Ni mimi. Mi njo niliharibu ile bunduki."

Mikono ikabaki juu. Nzi walikuwa wameshafika.

"Uliiharibu juu ya nini?" akauliza Nsengimana.

"Alisema anataka kuua Fisi wa Dzaleka. Fisi ameng'ata mutu." Lwaboshi alizungumza akiwa amekandamiza uso kwenye mgongo wa Bambo Kanyenda. "Nikajua ni bale ba Chilinde bamemutuma. Nikasema, ikose. Nilitaka tu ikose."

Bora alikuwa amekaa chini, kichwa cha mumewe mapajani, kitenge chake chote chekundu. Hakuwa analia tena. Nilikuwa nimemshika bega, na nikahisi mwili wake unakuwa mgumu chini ya kiganja changu.

"Shemeji," akaita. "Alikuambia fisi?"

"Ndiyo."

"Na we ukamuona bwana yangu."

Lwaboshi alizidi kuuficha uso mgongoni mwa mzee.

"Bale ba soko balimuita vile juu ya kumuchukia. Bahamujui mama yake. We na yeye mulinyonya ziwa moja. Balikuambia fisi, na we pia ukamuona yeye?"

Lwaboshi alinyanyua uso. Nilitaka aseme kitu, chochote, hata uongo.  Bambo Kanyenda, chini yake, alitema damu na kuomba maji, na hakuna aliyemsogelea.

"Ni yeye njo alimutuma muzee kwako," Bora akaendelea, polepole, akipangusa matope kwenye paji la uso la Patient kwa kidole gumba. "Leo nilimwambia asimame nyuma, kama bengine. Alikataa. Alienda mbele, mpaka karibu kabisa na ile munyama. Nikamuita, akacheka. Akasema, bunduki imetoka ku mikono ya kaka yangu, nitaogopa nini?"

Lwaboshi akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mtu. Akajiviringisha kando, akamwachia yule mzee, akalala chali kwenye matope akiwa ameiweka mikono yake wazi, viganja juu, pande zote mbili. Nsengimana akamwangalia Bora. Bora akainamisha kichwa juu ya mumewe na hakumwangalia mtu yeyote tena, na jiwe la kwanza likamtua Lwaboshi mbavuni.